Sauti ya Kaunta Nne

Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kaunta ya nne, ile inayotazamana na rafu za sabuni, na watu wakaona uvivu kumtafutia jina jingine. Wateja walimwita Kaunta Nne, wafanyakazi wenzake walimwita Kaunta Nne, na kaka yake wa tumbo moja, ambaye hana kisingizio, naye alimwita hivyo hivyo. Hakuchukia. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi wa jicho, na jicho ndilo lililompa raha ya kazi. Kikapu cha mtu kilikuwa kikimsimulia. Betri, mishumaa na biskuti: umeme umekatika na watoto wako nyumbani. Dawa ya viatu, wembe na shati jeupe jipya: kesho kuna usaili wa kazi. Hakuwa mmbea, tuelewane. Alikuwa na swali moja tu, "Na kingine?", analisema huku akigonga kaunta mara mbili kwa ukucha, na ajabu ni kwamba watu walianza kwa kukumbuka chumvi wakaishia kumweleza habari za mama mkwe.

Kisha duka likaleta mashine za kujihudumia, zile ambazo mteja anapitisha bidhaa mwenyewe, analipa mwenyewe, anafungasha mwenyewe, halafu anatoka akidhani amependelewa. Zilifungwa sita. Asubuhi ya kwanza fundi alipoziwasha, Kaunta Nne alikuwa kwenye kiti chake akifuta meza, akasikia mwanamke anasema, "Karibu. Tafadhali pitisha bidhaa ya kwanza." Aligeuka amwone ni nani huyo mwenye adabu kiasi hicho. Hapakuwa na mwanamke. Mashine ya pili ikasema vilevile, na ya tatu, na kitambaa kikamponyoka mkononi. Sauti ilikuwa yake yeye.

Hakuhitaji kupiga ramli kujua imefikaje humo. Mwaka mmoja nyuma, binti wa kaka yake alikuja nyumbani kwake na simu na karatasi yenye sentensi kumi na moja. Huyo binti ukoo mzima unamwita Bofya, kwa kuwa kazi yake ni kubuni skrini za mashine za dukani: rangi ya kitufe, ukubwa wake, na mahali pa kukiweka ili kidole kisiweze kukipita. Alimwingiza shangazi yake kwenye kabati la nguo, katikati ya makoti, sauti isiwe na mwangwi, akauacha mlango wazi kidogo apate mwanga wa kusomea. "Ni ya majaribio tu, shangazi. Baadaye tutaweka ya mtangazaji." Walicheka mpaka sentensi ya nne ikarudiwa mara tisa. Sasa, watu wa kazi ile wote wanajua kwamba kitu cha majaribio kina tabia ya kuhamia moja kwa moja. Mkubwa fulani aliisikia, akasema iachwe hiyo hiyo, imekaa kinyumbani. Bofya akanyamaza. Wiki saba baada ya mashine kuwashwa, kaunta ya nne ilifungwa na mwenye kaunta akapewa barua na keki.

Kiti alikisamehe. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na barua yenyewe iliandikwa kwa heshima. Kilichomkera hakikuwa kiti. Ni kwamba yeye alikuwa nyumbani, amekaa, na sauti yake inaendelea kwenda kazini bila yeye. Alipokwenda kununua sabuni alijisikia akijiamuru: "Tafadhali weka bidhaa kwenye mfuko." Akaanza kwenda duka la mbali. Jirani yake alimsimamisha ngazini akiwa na furaha tele, "Leo umenishukuru dukani!", na Kaunta Nne akapanda ngazi haraka. Taratibu akawa mtu wa maneno machache. Alikuwa akifungua mdomo kusema "karibu" kwa mgeni, neno linamkwama, kama amevaa nguo aliyoiazima kwa mtu.

Bofya alikuwa akija kumsalimia kila mwisho wa mwezi na mfuko wa machungwa. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bomba linalovuja, juu ya kaka na shinikizo lake la damu. Juu ya kabati hakuna aliyegusia. Miaka miwili ikapita hivyo, na machungwa yaliyoliwa humo ndani hayana idadi.

Siku moja mchana Bofya akaja mikono mitupu, jambo ambalo peke yake lilikuwa habari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Machungwa yameisha sokoni?"

"Leo nimekuja na shida."

"Ehe, hapo sasa tunaweza kuongea. Kaa."

Bofya alikuwa ameacha kazi. Alieleza haraka haraka, mikono ikipaa. Miaka yote amebuni njia za kumfanya mtu achukue kitu. Sasa anataka kubuni kitu kitakachomfanya mtu ajiulize kwa nini anakichukua. Wenye ukumbi wa maonyesho wamempa duka la viatu lililofungwa, alitumie mwezi mmoja. Ameacha rafu zake zote, na juu ya rafu amepanga maboksi meupe yasiyo na kitu ndani. Kila boksi limeandikwa kile ambacho mnunuzi hasa anakitafuta: Bado Kijana. Mama Asiyechoka. Mtu wa Safari. Nimefika. Sijali Wanasemaje. Mlangoni kuna maboksi yasiyoandikwa, pamoja na kalamu, kwa ambaye hakuona la kwake. Unachukua kikapu, unajaza, unakwenda kwenye mashine. Skrini inakuchora mtu aliyejengwa kwa vile ulivyobeba. Halafu inaandika: Toa kimoja. Ukitoa, kipande cha yule mtu kinafutika, na maandishi yanakuuliza: Bado ni wewe?

"Mpaka lini?" Kaunta Nne aliuliza.

"Mpaka mtu abofye kitufe cha Basi."

"Na asipobofya?"

"Wote wanabofya. Nimejaribu kwa watu arobaini, shangazi, hakuna aliyefikisha kikapu kitupu."

Kaunta Nne alihisi kitu kikimtekenya kifuani, kitu alichodhani kimeshalala. Miaka miwili hajaona kikapu cha mtu.

"Sasa shida iko wapi?"

"Hawajibu. Yaani wanajibu, lakini wanajibu kama wanafunga tangazo kwenye simu. Bofya, bofya, cheka, piga picha, nje. Nahitaji mtu akae pale. Mtu anayejua kuuliza."

"Na hiyo mashine yako inaongea?"

"Haiongei. Ni programu ileile ya dukani, nimeigeuza sura tu, lakini sauti nimeing'oa yote. Naapa. Humo hutajisikia."

"Basi ing'oe na kule."

Hatimaye lilikuwa limetoka, na wote wawili walilitazama pale mezani.

"Kule si yangu tena," Bofya alisema. "Ni mali yao. Kuna fomu ya ridhaa."

"Mimi nilijaza fomu?"

Bofya alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani, mzunguko mzima. "Fomu iko kwao. Mwenye uwezo wa kuitoa ni Meneja wa duka. Nimemwalika siku ya ufunguzi."

Kaunta Nne alimtazama vile alivyokuwa akimtazama mteja aliyefunika kitu kwa gazeti kikapuni. Hakumfunua. "Nitakuja," alisema. "Nakuja kwa mambo mawili. La kwanza, nataka kuona watu watabeba nini. La pili, nataka sauti yangu, na nitaiomba kwa mdomo wangu mwenyewe."

Siku ya ufunguzi alifika saa tatu asubuhi na mto wake wa kukalia kwapani, uleule wa zamani, umebonyea mahali pake. Duka la viatu lilikuwa bado linanuka ngozi na gundi. Bofya alikuwa amempangia kigoda kando ya mashine, na Kaunta Nne akakisogeza kushoto kidogo, kisha kulia kidogo, mpaka akaweza kuona vikapu vikitokea mbali.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, bado ana funguo mkononi. Alikuwa amebeba maboksi matano bila hata kuyasoma vizuri: Mwenye Haraka, Mtu wa Safari, Mwanaume Hasa, na mengine ya aina hiyo.

"Na kingine?" alisema Kaunta Nne, na ukucha ukagonga mara mbili. Hakukusudia. Ulimi ulijiendea tu.

Dereva alisimama. Alirudi kwenye rafu, akakaa huko muda mrefu kuliko mwanzo, akaja na Baba Aliyepo. "Binti yangu yuko darasa la tatu," alisema. "Au la nne. La nne." Mashine ilipomwambia atoe kimoja, alitoa Mwanaume Hasa bila kubishana, akatoa Mwenye Haraka, akatoa yote, akabaki na lile moja. Akabofya Basi. Alitoka nje akiwa ameshaweka simu sikioni, na watu wakamsikia akiuliza, "Eti uko la ngapi?"

Kuanzia hapo foleni ikashika. Mwalimu mmoja alileta Sijali Wanasemaje, kisha akaangalia huku na huku kuona nani anamtazama. Mwanamke mwingine, wanja umekaa sawa na kucha zimepakwa, alibeba maboksi matatu ya Bado Kijana. "Mawili ni ya akiba," alisema, na Kaunta Nne akacheka mpaka kigoda kikalia. Wala hakuwacheka wao. Alikuwa anawapenda, hilo ndilo lililomshangaza. Alikuwa amesahau kwamba anawapenda watu wakiwa wameshika vikapu. Bofya alisimama nyuma ya nguzo na daftari lake, haandiki, mdomo wazi.

Saa sita Meneja akaingia. Suti ya kijivu, simu mbili, tabasamu la kupigia picha. Alizunguka rafu kwa utaratibu, akachagua kwa kufikiri: Nimefika, Mtu wa Watu, Wananisikiliza. Akaweka kikapu.

"Na kingine?"

Meneja aliinua kichwa. "Samahani, mama, tumeshaonana mahali? Sauti yako kama naijua."

"Unaisikia kila siku."

"Wapi?"

"Dukani kwako. Kwenye mashine zote sita."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ile? Mimi nilidhani ile ni ya kompyuta."

"Na mimi hunikumbuki? Kaunta ya nne. Ulinikatia keki."

Aibu ilimpanda Meneja mpaka masikioni, tumpe haki yake, ilimpanda kweli. Lakini wakubwa wana mazoezi ya kushusha aibu upesi. "Aa, mama yetu! Basi hii ni bahati. Wateja wanaipenda sana sauti yako. Tena tulikuwa tunataka kuongeza sentensi, na umeisema sasa hivi. 'Na kingine?' Hebu fikiria mashine ikilisema hilo. Mtu anarudi rafuni mwenyewe."

Hasira ilimpata Kaunta Nne pale pale, hasira ya moto, maana swali lile ndilo pekee alilokuwa amebaki nalo. "Siongezi," alisema. "Naomba mtoe na ile iliyopo. Naitaka sauti yangu."

"Hilo gumu, mama. Fomu imesainiwa. Na watu wameizoea. Sijui nisemeje." Aliitafuta namna ya kulisema vizuri, na hakuipata. "Ile sasa si sauti ya mtu. Ni sauti ya duka."

Kaunta Nne alikaa na maneno yale. Kilichomtokea hapo hakukitarajia: hasira ilipungua, udadisi ukaingia. Je, ni kweli? Tangu asubuhi amewauliza watu wote isipokuwa mmoja. Akainuka, akachukua kikapu, akaenda kwenye rafu akiwa na miwani puani, anasoma moja moja kama mteja msumbufu. Alichukua Mwenye Kazi. Alichukua Wananihitaji. Mlangoni akachukua boksi lisiloandikwa, akaandika kwa herufi kubwa: Kaunta Nne.

Skrini ikamchora. Mwanamke wa maboksi matatu, mnene kidogo. Toa kimoja.

Alitoa Mwenye Kazi. Hilo lilikuwa rahisi, lilishatolewa na wengine. Bado ni wewe? Akabofya Ndiyo.

Toa kimoja. Mkono ulikaa juu ya Wananihitaji muda mrefu. Alifikiri juu ya mbao za kaunta, juu ya watu waliokuwa wakiiacha kaunta tupu ya pili na kusimama kwenye foleni yake ndefu. Akalitoa. Kwenye skrini kilibaki kichwa na bega moja.

Toa kimoja.

"Shangazi," Bofya alisema kwa sauti ya chini, ametoka nyuma ya nguzo. "Unaweza kubofya Basi. Kila mtu anabofya."

"Nataka kujua mbele kuna nini."

"Mbele hakuna kitu. Sikubuni kitu."

"Basi tuone wote."

Akaliinua boksi la tatu, akaliweka sakafuni. Kikapu kikawa kitupu. Skrini ikawa nyeupe. Bofya alikuwa amesema kweli: hakuwa amebuni chochote hapo, kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atafika. Lakini programu ya zamani ilikuwa na mifupa yake, na kati ya zile sentensi kumi na moja, moja ilikuwa imejificha mahali ambapo hakuna aliyepita. Mashine iliona kikapu kitupu, ikafanya kile ilichofundishwa dukani. Ikasema, kwa sauti safi ya mtu aliyesimama katikati ya makoti na anazuia kicheko:

"Tafadhali subiri. Mhudumu anakuja."

"Nakuja!" aliitika Kaunta Nne.

Ilikuwa mazoea. Miaka ishirini na sita, mhudumu akiitwa anaitika hivyo, na miguu yake ilikuwa imeshapiga hatua moja kabla hajajua anakwenda wapi. Watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana wote walikuwa wamesikia: sauti mbili, ni ileile moja, moja kwenye bati na moja kwenye koo.

"Mhudumu anakuja," mashine ilirudia. Haikuwa imemsikia.

"Nimeshafika," alisema, na akaweka kiganja juu ya skrini, machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuona haya. "Nimeshafika, mama. Nyamaza."

Meneja alishusha simu zake zote mbili. "Mimi sikujua," alisema. "Lakini bado kuna ile fomu. Mama alisaini."

"Nilisaini mimi," alisema Bofya.

Alikuwa amesogea mpaka kati yao, daftari amelikumbatia. "Niliandika jina lake kwa mkono wangu. Nilidhani ni ya wiki mbili. Walipoamua kuiacha ningesema, nikaogopa kufukuzwa. Baadaye nikamwogopa yeye. Kwenye fomu ile hakuna ridhaa yake hata ya sentensi moja."

"Unajua umesema nini?" Meneja aliuliza. "Hiyo ni kughushi. Hakuna duka litakalokupa kazi tena."

"Najua nimesema nini. Itoeni."

Kaunta Nne alifuta uso kwa upindo wa kitenge. Alikuwa amejua tangu kikombe kilipozungushwa kwenye kisahani. Hakulisema, kwa kuwa alitaka lije lenyewe. Sasa alimgeukia binti wa kaka yake, akanyoosha mkono, akagonga ubavu wa mashine mara mbili kwa ukucha.

"Na kingine?"

Bofya alilia kama alivyokuwa akilia akiwa na miaka mitano. "Nisamehe, shangazi."

"Hilo," alisema Kaunta Nne, "ndilo nililokuwa nalisubiri nikila machungwa."

Wiki tatu baadaye wawili hao walikwenda duka la karibu kununua sabuni, Bofya ndiye aliyebeba kikapu. Wenye maduka walikuwa wameshapeana habari zake, na simu yake siku hizi haiiti sana. Kwenye mashine zote sita palikuwa pamebandikwa karatasi: Sauti haipo kwa sasa. Fuata maandishi. Watu walikuwa wakibofya kimya kimya, mmoja mmoja, wakipepesa macho kutafuta pa kugusa. Kaunta Nne alipitisha mche wake wa sabuni na akashangaa kwamba ukimya ule unamuuma kidogo, kidogo tu, kama pengo la jino lililokuwa likikusumbua.

Kwenye mashine ya pembeni, mzee mmoja, mteja wa siku nyingi, aliinamia skrini yake, akaipigapiga, akanung'unika, "Siku hizi hata karibu hakuna?"

"Karibu," alisema Kaunta Nne.

Mzee aligeuka amwone ni nani, na safari hii akamkuta mtu.